Kinyozi hajinyoi, ila mwandishi hana budi kujisahihisha

Jumapili moja baada ya misa nilikaa chini ya mwembe kwa dada yangu, mwendo mfupi tu kutoka soko la Khayega, pale barabara ya Kisumu kwenda Kakamega inapopita karibu na misheni ya Mukumu. Mpwa wangu, aliye kidato cha pili katika shule ambayo sitaitaja, akaniletea daftari lake la insha. "Mjomba, niangalizie."

Nikaangalia. Insha ilisimulia siku ambayo baba mtu alirejea nyumbani na gari jipya. Sentensi ya kwanza ilikuwa hivi: "Papa alinunua kari." Chini ya neno "papa" palikuwa na mstari mwekundu, chini ya "kari" mwingine. Pembeni, kwa kalamu ileile nyekundu, mwalimu alikuwa ameuliza: "Papa yupi? Wa Roma au wa baharini?" Nilicheka, nakiri. Mtoto hakucheka. Alama zilikuwa 7 kati ya 20, na chini kabisa neno moja: "Jitahidi."

Nikamwonyesha mistari ile. Mahali pengine mmoja, mahali pengine miwili. "Huu mmoja maana yake nini? Na hii miwili?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya ng'ombe wa jirani. "Hiyo ni ya mwalimu, mjomba."

Jibu hilo halikunitoka akilini wiki nzima. Insha ni yake, kosa ni lake, alama 7 ni zake, lakini maarifa ya kujua kosa liko wapi na ni la aina gani ni "ya mwalimu". Makala haya yanajaribu kufuatilia jambo hilo lilikotoka. Ni lini, na kwa njia gani, kazi ya kutathmini maandishi ya Kiswahili ilitoka mikononi mwa anayeandika ikawa mali ya mwenye kalamu nyekundu? Na je, inaweza kurudishwa?

Misheni na imla

Wamishonari wa Kikatoliki wa Mill Hill walifungua misheni ya Mukumu mwaka 1906, miaka miwili baada ya ile ya Mumias. Kabla yao, mwaka 1902, Marafiki, yaani Wakweka, walikuwa wamekwisha kutua Kaimosi, si mbali na hapo. Katika misheni nyingi za Afrika Mashariki enzi hizo, aliyejiandaa kubatizwa aliitwa msomaji. Tuliangalie jina hilo vizuri. Hakuitwa mwandishi. Kusoma kulikuwa mlango wa imani: katekisimu, sala, Injili. Kuandika kulikuja baadaye, na kulipokuja kulikuja kama kunakili na imla: mwalimu anatamka, mwanafunzi anaandika alichosikia, kisha mwalimu anahesabu makosa.

Imla si adui. Inafunza sikio na mkono. Lakini ndani yake mna fundisho moja la kimyakimya: maneno sahihi yapo tayari kichwani mwa mtu mwingine, na kazi yako ni kuyafikia bila kuyavunja. Hakuna wazo lako pale la kuboresha. Hakuna swali la "je, aya hii imekaa vizuri?" kwa sababu aya si yako. Kipimo cha pekee ni umbali kati ya karatasi yako na kinywa cha mwalimu.

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki ikikagua elimu na ikapendekeza elimu iliyokaribiana zaidi na maisha ya wanafunzi, zikiwemo lugha zao. Serikali ilizipa misheni ruzuku, na ruzuku ikaja na mkaguzi. Basi mwanafunzi alisahihishwa na mwalimu, na mwalimu naye akasahihishwa na mkaguzi. Ngazi ilikuwa inapanda juu. Hakuna aliyeambiwa ajitazame.

Wakati lugha yenyewe ilipopewa msahihishaji

Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikaanza kazi, Frederick Johnson akiwa katibu wake. Wajumbe wake wa mwanzo walikuwa Wazungu. Kamati ilikuwa na kazi nyingi za maana: kusawazisha tahajia, kuandaa kamusi, kuhimiza uandishi. Lakini ilikuwa pia na kazi moja ambayo leo tunaisahau. Vitabu vya shule vilipelekwa kwake, vikasomwa, vikarekebishwa lugha, na vilivyofaulu vikapewa kibali.

Wataalamu wengi wa pwani hawakuridhika. Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu aliyeshirikiana na Mathias Mnyampala katika kitabu Historia ya Kiswahili kilichotoka mwaka 1977, ni mmoja wa wale waliolalamika kwamba wenye lugha hawakushirikishwa vya kutosha katika kuisanifisha. Tusiingie sana katika mjadala huo wa zamani. Tuchukue jambo moja tu: hata Mswahili wa kuzaliwa alijikuta akiandika lugha ya mama yake kisha akingoja afisa amwambie kama ameiandika sawasawa.

Watu wa magharibi mwa Kenya hawakuyaona haya kwa mbali. Mwaka 1941 iliundwa kamati ya lugha ya Kiluyia, na mmoja wa walioivalia njuga kazi hiyo alikuwa mmishonari wa Kianglikana, L. L. Appleby, aliyechapisha sarufi ya Kiluyia mwaka 1947. Nia ilikuwa njema: lahaja nyingi ziwe na maandishi ya namna moja ili vitabu vichapishwe kwa bei nafuu. Wengine walikubali, wengine, hasa Wamaragoli, wakakataa wakashika maandishi yao. Mvutano huo unatuambia kitu. Watu hawakatai kanuni kwa kuwa wanapenda fujo. Hukataa kanuni ambazo hawakushiriki kuzielewa. Mtoto wa kidato cha pili hawezi kuunda kamati ya kupinga, kwa hiyo yeye hunyamaza, akafunga daftari.

Mtihani unaosahihishwa ng'ambo

Mwenye bahati ya kufika shule ya upili enzi za ukoloni alikabiliana na mtihani wa Cambridge. Swali lilitoka ng'ambo, na alama zilitolewa kwa vipimo vya ng'ambo. Mwaka 1967 likaanzishwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1980 Kenya ikapata Baraza lake la Kitaifa la Mitihani, KNEC. Msahihishaji akahamia nyumbani, lakini akabaki kuwa mtu asiyeonekana.

Kiswahili chenyewe, katika safari hiyo, kilikuwa mtoto wa kambo. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza kifundishwe katika shule za msingi, lakini katika mtihani wa CPE uliofunga darasa la saba hakikutahiniwa. Na nani asiyejua desturi yetu? Kisichotahiniwa hakifundishwi. Kipindi cha Kiswahili kikageuka cha hesabu au cha kufyeka nyasi. Tume ya Mackay ya mwaka 1981 ndiyo iliyobadilisha mambo: mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa, mwanzo katika KCPE, kisha katika KCSE iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989.

Insha ikapata makao. Mtoto wa darasa la nane alipewa dakika 40 na alama 40. Katika kidato cha nne, karatasi ya kwanza ya Kiswahili ni ya insha tupu: swali la kwanza ni la lazima, kisha mtahiniwa huchagua moja kati ya matatu yanayobaki, kila insha alama 20, muda saa moja na dakika 45. Ni heshima kubwa kwa uandishi. Hakuna anayeweza kusema Kenya iliipuuza insha.

Lakini tutazame jinsi insha hiyo inavyosahihishwa. Mtahini ana viwango vinne. D ni alama 01 hadi 05, C ni 06 hadi 10, B ni 11 hadi 15, A ni 16 hadi 20. Kila kiwango kina maelezo yake: D mawazo hayaeleweki na lugha imevurugika, C mawasiliano yapo ila kwa kusuasua, B mawazo yanatiririka ingawa kuna makosa ya hapa na pale, A mtahiniwa anadhihirisha ukomavu na lugha yenye mvuto. Mtahini ana na alama zake za kazi. Mistari miwili hupigwa chini ya kosa la sarufi linapotokea mara ya kwanza. Mstari mmoja ni wa kosa la hijai, yaani tahajia. Msamiati bora hutiwa vema, usiofaa hutiwa mkasi.

Si uchawi, ni mambo manne au matano ambayo mtoto wa miaka 14 anaweza kuyaelewa katika kipindi kimoja. Nilipomwambia mpwa wangu kwamba mstari mmoja ni hijai na miwili ni sarufi, alipekua daftari lote kurasa kwa kurasa, akihesabu. "Kumbe sarufi yangu si mbaya!" akasema. "Ni hijai tu inaniua." Alikuwa na insha sita zilizosahihishwa. Habari hiyo ilikuwa imelala humo miezi mingi.

Maua ya kukariri

Mwanafunzi asiyejua kinachopimwa hubahatisha. Na wanafunzi wa Kenya walibahatisha kwa pamoja, tena kwa ustadi. Kwa vile ilijulikana kwamba lugha yenye mvuto hulipwa, likaibuka soko la mapambo. Sote tuliopitia 8-4-4 tunayakumbuka: alfajiri ya majogoo, jua lililotoa miale kana kwamba limelipwa mshahara, mito ya machozi, mhusika "aliyetia moto nyayo" hata akiwa anakwenda dukani kununua chumvi. Watoto walikariri aya nzima za mwanzo, wakazibandika mbele ya swali lolote. Insha ya ukame ilianza kwa asubuhi ileile ya insha ya harusi.

Walimu wengine walilaumu uvivu wa watoto. Mimi nadhani wanawaonea. Mtoto aliyekariri maua alikuwa amefanya uchunguzi: alijaribu kukisia mtahini anapenda nini, akampa. Kasoro ni kwamba alikisia kwa kutazama ganda. Hakuna aliyemkalisha chini akamwekea insha mbili mezani, moja ya B na moja ya A, akamuuliza: "Unadhani kwa nini hii imeishinda ile?"

Pwani walikuwa na dawa

Kuna sehemu moja ya uandishi wa Kiswahili ambamo mtungaji hajawahi kusubiri kalamu nyekundu. Nayo ni ushairi wa kimapokeo. Mtunzi wa utenzi anajua kila kipande kina mizani nane. Mtunzi wa shairi la tarbia anajua mshororo una nane na nane, na vina vya kati na vya mwisho vina mahali pake. Anapotunga, anahesabu kwa vidole. Ikitokea saba, hahitaji kuambiwa. Kidole kimebaki hewani. Anarudi, anatafuta neno, anapanga upya.

Kanuni hizo ziliishi vinywani na masikioni karne nyingi, na mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa meya wa Dar es Salaam, alizichapisha katika Sheria za Kutunga Mashairi. Tangu hapo malenga chipukizi popote alipo, awe Tanga au Butere, angeweza kuwa na kipimo mkononi mwake. Na baada ya kipimo ikaja jamii: shairi likipelekwa gazetini, mwenye jicho kali alijibu kwa shairi jingine akionyesha palipopwaya. Mtunzi alijitathmini kwanza, kisha wenzake wakamtathmini, na mhariri alikuja wa mwisho.

Wakereketwa wa guni watasema vina na mizani ni minyororo. Mjadala huo ni wa siku nyingine. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba utamaduni wa mwandishi kujikagua si mgeni katika lugha hii. Tuliuacha kwenye ushairi, tukausahau tulipoingia darasani kufundisha nathari.

Wasomi wa nje waliufikia mlango huohuo wakitokea upande mwingine. Mwaka 1971 huko Marekani, Janet Emig aliwachunguza wanafunzi wa sekondari wakiwa katika tendo lenyewe la kuandika, badala ya kungoja karatasi iliyokamilika. Mwaka uliofuata Donald Murray aliwahimiza walimu wafundishe uandishi kama mchakato, si kama zao. Mwaka 1989 Royce Sadler wa Australia akaliweka wazi: mwanafunzi hawezi kuboresha kazi yake mpaka awe na picha ya ubora inayokaribiana na ile aliyo nayo mwalimu, aweze kuilinganisha na kazi yake wakati angali anaifanya, na ajue njia za kuziba pengo. Mwaka 1998 Paul Black na Dylan Wiliam wa London walipokusanya matokeo ya tafiti nyingi za tathmini darasani, waliona kwamba kumzoesha mwanafunzi kujitathmini si pambo la ziada bali ni sehemu ya lazima ya tathmini inayosaidia kujifunza.

Ukiyasoma ya Sadler kisha ukamkumbuka malenga anayehesabu vidole, unaona ni jambo moja.

Tatizo la b na p

Sasa turudi Mukumu, maana ushauri wa jumla jumla haumfai mtoto wa Muisukha. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni huu: "Soma insha yako kwa sauti, utasikia makosa." Ni ushauri mzuri kwa sentensi iliyokatika au neno lililorudiwa. Lakini kwa "papa" na "kari" haufai kitu. Kwa nini?

Katika Luisukha na Luidakho, sauti b, d na g hazisimami zenyewe kama katika Kiswahili. Hujitokeza zinapotanguliwa na m au n. Ndiyo sababu mtoto wa hapa huandika "mbuzi", "ndizi" na "ngoma" bila shida yoyote, kisha akaandika "kitapu" badala ya kitabu, "tawa" badala ya dawa, "kari" badala ya gari. Akisoma kwa sauti, atasoma "kitapu", na sikio litakubaliana na kalamu. Wote wawili wamelelewa nyumba moja! Tena akikemewa sana huruka upande wa pili, akaandika "dabia" na "bikibiki". Nyani haoni kundule, wahenga walisema. Hapa hata ukimpa kioo haoni, mpaka umwonyeshe pa kutazama.

Lakini ukishajua kwamba kosa lina kanuni, kosa hilo linakuwa rahisi kuliko yote. Nilimwambia mpwa wangu atamke "mba". Akatamka vizuri. Weka vidole kooni, nikamwambia, unasikia mtetemo? Ndiyo. Sasa anza hapohapo, ondoa m. "Ba." Sasa "pa". Koo limenyamaza. Alirudia mara tano, sita, huku mdogo wake akimcheka. Kisha nikampa kazi: asisome insha yote. Apitie tu maneno yenye p, t na k yasiyotanguliwa na m wala n, na kila neno alilo na shaka nalo alitafute kwenye kamusi. Katika ukurasa mmoja na nusu alipata makosa kumi na moja mwenyewe. Mwalimu alikuwa ameona tisa.

Hapo ndipo lilipo somo. Mtoto wa Kilifi, wa Meru au wa Kisii ana mtego wake mwingine, na orodha ya mwenzake haitamfaa. Kila mwanafunzi anahitaji orodha yake, nyuma ya daftari, ya makosa matatu au manne anayoyarudia. Si ishirini. Akishinda moja analikata, anaandika jingine.

Saa 20

Najua walimu wanaosoma safu hii wameanza kuguna. "Mwandishi huyu amekaa chini ya mwembe na mtoto mmoja. Mimi nina mia na hamsini." Ni kweli. Elimu ya msingi bila malipo ilianza Januari 2003, karo ya masomo ikaondolewa katika sekondari za kutwa mwaka 2008, na madarasa yakafurika. Tufanye hesabu ya haki. Mwalimu mwenye mikondo mitatu ya wanafunzi 50, akitumia dakika nane tu kwa kila insha, atahitaji dakika 1,200. Hizo ni saa 20 kwa insha moja, juu ya vipindi, zamu na mikutano. Atafanya nini? Atapunguza insha, au atapiga mistari mbio mbio na kuandika "Jitahidi". Wala simlaumu.

Lakini hesabu hiyohiyo ndiyo inayotetea ninayoyasema. Ikiwa kalamu nyekundu ni moja na watoto ni 150, basi njia pekee ya kuongeza idadi ya insha zinazosomwa kwa makini ni kuongeza idadi ya wasomaji makini. Nao wako palepale, wamevaa sare.

Walimu waliojaribu hufuata hatua ambazo hazihitaji fedha. Kwanza, darasa linasoma insha mbili au tatu zisizo na majina, za viwango tofauti, na kubishana kabla ya kuonyeshwa alama. Ubishi huo ndio unaozaa ile picha ya ubora. Pili, rasimu inalazwa. Kipindi cha Jumatatu unaandika, cha Jumatano unasoma, maana jicho lililolala huona. Tatu, kusoma kunagawanywa: mara moja kwa ajili ya hoja na mpangilio wake, mara ya pili kwa sarufi, mara ya tatu kwa hijai, kila mara ukitafuta kitu kimoja. Nne, unaandika upya, na mwalimu anatoa alama kwa tofauti kati ya rasimu mbili. Hatua hii ya mwisho ndiyo tunayoiruka sana. Insha ikisharudi na alama zake, imekufa. Hakuna anayerudi makaburini kuboresha maiti.

Wapo wenye pingamizi za maana. Wengine huuliza kama kipofu anaweza kumwongoza kipofu: mwanafunzi dhaifu amsahihishe dhaifu mwenzake? Jibu ni kwamba hatumpi kazi ya kutoa alama. Tunampa swali dogo analoweza kulijibu: "Ulikwama wapi uliposoma?" Hata asiyejua kupika anajua chumvi ikizidi. Wengine wanahofia kwamba mtoto atajipendelea. Atajipendelea ndiyo, ikiwa tunamwomba ajipe 18. Tukimwomba aonyeshe sentensi yake dhaifu kuliko zote na aeleze kwa nini, hana pa kujipendelea. Na wengine, wakweli zaidi, wanahofia heshima ya mwalimu. Kinyozi hajinyoi, wanasema. Lakini kinyozi hajinyoi kwa sababu haoni kisogo chake. Karatasi haina kisogo. Iko mbele yako, na ukisubiri siku mbili unaiona kama ya mtu mwingine.

Mtaala mpya, hatari ya zamani

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini kuanzia gredi za chini mwaka 2019, umelipa jambo hili jina na nafasi. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Miongozo ya mtaala inazungumzia mwanafunzi kujitathmini na kutathminiwa na wenzake, na viwango vimeandikwa waziwazi: anazidisha matarajio, anafikia, anakaribia, yuko mbali. Kwa karatasi, ngome ya kalamu nyekundu imevunjwa.

Kwa vitendo nina wasiwasi. Vipimo vilivyoandikwa si lazima viwe vipimo vilivyoeleweka. Mtoto akipewa jedwali lenye visanduku na kuambiwa atie vema mahali anapodhani yupo, ametia vema tu, hajatathmini. Ni imla ileile ya enzi za misheni, safari hii mwalimu ametamka "anakaribia matarajio" na mwanafunzi amenakili. Matarajio ya nani? Yanaonekanaje katika aya? Bila insha mezani, bila ubishi, bila rasimu ya pili, jedwali litakuwa ua jingine la kukariri.

Zaidi ya miaka 100 imepita tangu watoto wa Isukha na Idakho walipoanza kushika kalamu pale Mukumu. Katika muda huo msahihishaji amebadilika mara nyingi: padri, mkaguzi, kamati, Cambridge, KNEC. Kila mmoja aliacha kanuni, na nyingi ya kanuni hizo ni nzuri, tunaziandikia hadi leo. Walichosahau karibu wote ni kumpa mtoto ufunguo. Na mtoto huyo akimaliza shule atakwenda kuandika barua ya kuomba kazi, ripoti ya kikundi cha akina mama, malalamiko kwa chifu, taarifa kwa polisi. Hapo hakuna mwalimu wa kupiga mistari. Kutakuwa na yeye na karatasi, na mtu wa kuisoma ambaye hatamwandikia "Jitahidi". Ataiweka kando tu.

Nilipoaga jioni ile mpwa wangu alikuwa ameketi mlangoni, akiandika upya. Aliniita. "Mjomba, 'bado' ni b ama p?" Nikamwambia aweke vidole kooni. Akatamka, akasikiliza kidogo, kisha akaandika bila kuniuliza tena.